Kuchagua Viatu vya Kike vya Salsa: Anza na Soli, Malizia na Urembo

Mwanamke anayeingia dukani kununua viatu vya dansi ya salsa kwa kawaida hutazama kwanza rangi, kisha urefu wa kisigino, kisha bei, na soli huigeuza mwisho kabisa, kama ataigeuza. Mpangilio huo ndio unaowarudisha wengi nyumbani na viatu vya kupigia picha, ambavyo baada ya nyimbo tatu huvuliwa na kusukumwa chini ya kiti. Ninashauri mpangilio uliopinduliwa: anza na kile kinachogusa sakafu, panda hadi kisigino, nenda kwenye mikanda, pima saizi, na rangi uiache iwe neno la mwisho. Soli ikiwa mbaya, hakuna kitu juu yake kitakachoiokoa miguu yako.

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini. Salsa huhesabiwa kwa mipigo minane, na mchezaji hukanyaga sita kati ya hiyo: moja, mbili, tatu, halafu tano, sita, saba, huku mpigo wa nne na wa nane akiuacha upite. Wimbo wenye mipigo 200 kwa dakika, kasi ambayo si ngeni hata kidogo katika muziki huu, unadai hatua 150 kila dakika. Ukidumu dakika 5 umekwisha kukanyaga mara 750, na hapo hatujahesabu hatua za madoido ambazo wachezaji huzipenyeza katikati ya mipigo. Nyimbo kumi za usiku mmoja ni zaidi ya hatua 7,000. Kiatu kilichozidi uzito kidogo, au mkanda unaokwaruza kidogo, ni kosa linalorudiwa mara elfu saba kabla hujaenda kulala.

Inafaa pia ujue unacheza salsa ya wapi, kwa sababu mitindo haitumii miguu kwa namna moja. Mjini Cali, Kolombia, ambako wenyeji huuita mji wao makao makuu ya salsa duniani, kasi iliongezwa kwa makusudi: katika miaka ya 1960 wachezaji wa huko walizoea kupigiwa sahani za muziki wa pachanga na boogaloo, mitindo ya dansi ya Kilatini ya enzi hizo, zilizorekodiwa kwa mizunguko 33 kwa dakika zikiendeshwa kwa mizunguko 45, na miguu ikalazimika kuzifuata. Mpaka leo mtindo wa Cali hutambulika kwa magoti yanayoinuka, mateke mafupi na ncha za vidole zinazogusa sakafu na kuondoka mara moja. Mtindo wa New York, ule ambao mwalimu Eddie Torres aliueneza, hubadili mwelekeo katika mpigo wa pili na hupenda mwendo unaotiririka na mizunguko mingi. Anayejifunza wa kwanza anahitaji, kuliko kitu kingine, kiatu chepesi kisichoyumba. Anayejifunza wa pili atateseka sana akiwa na soli isiyozunguka. Wengi wetu hucheza mchanganyiko wa mitindo, kwa hiyo kiatu chetu lazima kimudu yote mawili.

Soli na kile kilichofichwa ndani yake

Soli inayofaa zaidi ni ya suedi, yaani ngozi iliyokwaruzwa upande mmoja mpaka ikatoa vinyweleo vifupi vyenye mguso kama wa mahameli. Vinyweleo hivyo hufanya kazi mbili zinazoonekana kupingana: huishika sakafu unaposukuma hatua, na huiachia unapozunguka. Soli ya mpira, kama ya raba za kawaida, hushika tu. Mwili ukizunguka huku kiatu kimeng'ang'ania sakafu, nguvu ya mzunguko hupanda kwenye kifundo cha mguu na kuishia gotini, na goti limeumbwa zaidi kwa kukunja na kukunjua kuliko kusokotwa. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimewaona wanafunzi wenye bidii wakiacha dansi kwa maumivu ya magoti waliyodhani yanatokana na umri, ilhali walikuwa wakifanya mazoezi ya kuzunguka kwa viatu vya kukimbilia. Soli ya plastiki ngumu nayo ina kasoro iliyo kinyume: huachia tu, na mchezaji hulazimika kukaza misuli yote ya mguu ili asianguke.

Jaribio lake ni rahisi, na linaweza kufanyika dukani pasipo aibu yoyote. Vaa viatu vyote viwili, weka uzito juu ya unyayo wa mbele, yaani ile sehemu iliyonona iliyo nyuma ya vidole, kisha zunguka nusu duara polepole. Kiatu kizuri huzunguka pamoja na nyonga na goti, na husimama unaposimama. Ukihisi goti limetangulia na kiatu kinalifuata baadaye, kirudishe rafuni.

Baada ya hapo kivue na ukishike mikononi. Mkono mmoja ushike kisigino, mwingine ushike ncha ya mbele, kisha kikunje taratibu huku ukitazama ni wapi kinapokubali kukunjika. Kinapaswa kukunjika mahali pamoja tu, pale unyayo wa mbele unapokaa, na kikunjike bila kukutaka utumie nguvu. Katikati, chini ya upinde wa wayo, hakipaswi kukunjika kabisa, kwa kuwa humo ndani mtengenezaji huwa ameficha bamba jembamba la chuma ambalo ndilo uti wa kiatu. Kiatu kinachokunjika katikati hakina uti huo au kina uti dhaifu. Ukikipanda, upinde wa mguu wako huzama, kisigino husukumwa nyuma, na ndani ya muda mfupi misuli ya unyayo huanza kukaza. Kwa upande mwingine, kiatu ambacho mbele hakikunjiki hukunyima kazi ya vidole, na salsa ya kasi huchezwa kwa vidole.

Kisha kiweke juu ya meza iliyo sawa. Bonyeza kwa dole gumba ndani ya kiatu, pale kisigino cha mguu kinapokaa. Sehemu ya mbele isiinuke hata kidogo, na kisigino kisiyumbe pembeni kama kigoda kilichopungukiwa mguu. Ikiwa kinayumba chini ya dole gumba, fikiria kitakavyofanya kikibeba mwili mzima unaogeuka.

Kuhusu unene wa sponji ya ndani nina maoni ambayo wauzaji wengi hawayapendi. Sponji nene na laini huvutia dukani, kwa sababu ukiibonyeza kidole huzama na unajiambia kwamba hapo pana raha. Lakini mguu unaozama huchelewa kuihisi sakafu, na mguu unaochelewa kuihisi sakafu huchelewa kuondoka. Chagua sponji nyembamba, ngumu kiasi, inayorudi mara tu unapoondoa kidole. Ukiona bado unaumia, ongeza kijisponji kidogo unachochagua mwenyewe, nacho ukiweke nyuma kidogo ya unyayo wa mbele, si moja kwa moja chini yake, ili kiinue mifupa badala ya kuisukuma.

Kisigino

Viatu vya salsa vya kike huuzwa kwa visigino vya takriban santimita 5, 6.5, 7.5 na 9. Kwa miguu ya kasi, na kwa mtu anayetaka kucheza usiku kucha, ningeanza na 5 au 6.5, na nisingepita 7.5 mpaka vifundo vya miguu viwe vimepata nguvu kwa mazoezi ya miezi kadhaa. Kadiri kisigino kinavyopanda, ndivyo uzito mwingi zaidi wa mwili unavyohamia kwenye unyayo wa mbele, ndivyo hatua inavyofupika, na ndivyo kosa dogo la kukanyaga linavyoweza kuutegua mguu.

Jozi yangu ya kwanza ilikuwa ya santimita 9, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyowaona wachezaji wa jukwaani. Kwa wiki kadhaa nilidhani tatizo langu ni sikio: kila muziki ulipoharakisha nilibaki nyuma kwa nusu mpigo. Mwalimu alinitazama miguu kwa wimbo mmoja, akaniomba nivue viatu na nirudie peku. Hatua zilezile, muziki uleule, nikawa ndani ya mpigo. Kile kisigino kilikuwa kikinifanya nitue kwa unyayo mzima kila mara, kwa kuogopa kuanguka, na kuinua unyayo mzima kutoka sakafuni huchukua muda mrefu kuliko kuinua vidole. Nilihamia santimita 6.5 na sijajuta.

Hata hivyo sisemi kwamba mchuchumio ni adui. Salsa huchezwa na uzito ukiwa umeelekea mbele kidogo, na kisigino cha kiasi humsaidia mwanamke kukaa hapo bila kujilazimisha. Kinachohitajika ni umbo linalofaa. Kisigino kilichopanuka chini, chembamba katikati, ndicho chenye utulivu zaidi kwa anayeanza, kwa kuwa sehemu inayogusa sakafu ni kubwa. Kisigino chembamba moja kwa moja ni chepesi na kinapendeza, ila kinataka kifundo imara na sakafu isiyo na mianya. Kile kifupi na kinene, cha santimita 4 hivi, wengine hukidharau kwa kukiona cha kizee. Mimi ninakipendekeza kwa moyo wote kwa mazoezi ya hatua za kasi za Cali.

Angalia pia mahali kilipopachikwa. Katika kiatu cha dansi kilichotengenezwa vizuri, kisigino kimesogezwa ndani, chini ya katikati ya kisigino cha mguu, ilhali katika viatu vingi vya harusi na vya ofisini kimekaa nyuma kabisa ukingoni. Hiyo ni sababu mojawapo kwa nini kumpelekea fundi viatu mchuchumio wa kawaida abandike suedi chini hakuleti kiatu cha salsa kila mara. Inawezekana, na fundi mzuri wa mtaani anaweza kuifanya kazi hiyo kwa usafi, lakini kiatu chenyewe kiwe na soli nyembamba inayokunjika mbele, kiwe na mkanda wa kifundo, na kisigino chake kipite jaribio la meza. Kiatu chenye jukwaa nene chini ya vidole hakifai kwa marekebisho yoyote.

Mikanda

Kiatu cha salsa kinapaswa kuondoka sakafuni pamoja na mguu, si baada yake. Kazi hiyo hufanywa na mikanda, na mkanda wa kifundo pekee hautoshi, kwa kuwa huzuia kiatu kisivuke lakini hauzuii mguu usiteleze mbele. Tafuta kiatu chenye mikanda inayopishana juu ya upinde wa mguu, au mkanda mmoja unaopita chini ya upinde na kufungwa juu. Hiyo huukamata mguu katikati, mahali ambapo kiatu hupenda kupwaya. Mtu mwenye mguu mwembamba asikubali kununua bila hiyo.

Mkanda wa kifundo uwe na matundu mawili au matatu ya akiba upande wa kukaza, maana ngozi italegea. Usifunge mpaka damu ikatike. Kidole kimoja cha mkono kipite kwa shida kati ya mkanda na ngozi. Pitisha kidole ndani ya kila mkanda utafute mshono uliojikunja, gundi iliyokauka au ncha ya bizimu inayochoma, kwa sababu penye mkwaruzo huo ndipo lengelenge litakapotokea. Mwenye kifundo cha dole gumba kilichotokeza pembeni achague mfano ambao ukingo wa mkanda haupiti juu ya mfupa huo, ila unaufunika kwa upana au unaupita nyuma yake.

Kuhusu kitambaa, ngozi hutanuka na kulifuata umbo la mguu, satini karibu haitanuki kabisa, na ngozi bandia haipumui. Bitana ya ndani iwe ngozi laini au kitambaa kinachonyonya jasho. Bitana ya plastiki ikilowa huteleza, vidole husukumwa mbele vikapita ukingo wa soli, na hapo hata mikanda mizuri haisaidii.

Saizi

Miguu huvimba kadiri siku inavyosonga, kwa hiyo pima jioni. Simama juu ya karatasi, kisigino kikiwa kimegusa ukuta, umwombe mwenzako aweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe dole gumba. Pima miguu yote miwili na utumie ule ulio mkubwa. Mdogo utaongezewa kijisponji. Namba moja ya Ulaya, kwa mfano kutoka 37 hadi 38, ni tofauti ya karibu milimita 6.7, na namba moja ya Uingereza ni karibu milimita 8.5. Ni kiasi kinachoonekana kidogo, lakini katika salsa ndicho kinachotenganisha kiatu kinachokutii na kinachokukwamisha.

Katika viatu vya wazi mbele, vidole vifike karibu na ukingo wa soli bila kuupita. Nafasi kubwa iliyobaki mbele itakukwaza unapogusisha ncha ya kidole sakafuni, na vidole vinavyoning'inia nje vitaumia mara ya kwanza mtu atakapokukanyaga. Kiatu cha salsa hukaa mguuni kwa kubana kuliko kiatu cha kutembelea, lakini kubana si kuuma. Kama vidole vinakufa ganzi ndani ya dakika tano za kusimama, usiamini ahadi kwamba kitalegea. Cha ngozi kitalegea kidogo kwa upana, kwa urefu hakitalegea, na cha satini kitabaki kilivyo.

Ununuzi wa mtandaoni una shida yake, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sifa za wanunuzi wengine zilitolewa kwa miguu mingine. Tuma urefu wa mguu wako kwa santimita na upana wake kwenye unyayo wa mbele, si namba peke yake, na usinunue mahali ambapo viatu havirudishwi. Viatu vikifika, vijaribu juu ya zulia au shuka ili soli ibaki safi. Kwa mnunuzi wa mitumba, jozi nzuri ya dansi hupatikana mara moja moja katikati ya rundo. Ipitishe kwenye majaribio yote niliyoyaeleza, na zaidi ya hayo vuta ukingo wa soli kwa ukucha uone kama gundi imekauka.

Sakafu unayoichezea

Suedi ilikusudiwa sakafu ya mbao. Kumbi nyingi tunazochezea Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ni za vigae au saruji iliyosuguliwa, na mara nyingine ni uani kabisa. Juu ya vigae vinavyong'aa, suedi iliyolala vinyweleo huteleza. Iamshe kwa brashi ya waya kabla ya muziki kuanza, ukisugua kinyume cha ulalo wa vinyweleo, na usimwage poda sakafuni, kwa sababu itamwangusha mwingine. Juu ya saruji ya kukwaruza suedi huisha upesi. Kama huko ndiko unakofanya mazoezi, nunua raba za dansi, zile zenye soli iliyokatwa vipande viwili na duara laini chini ya unyayo wa mbele kwa ajili ya kuzungukia, na vile vya suedi uviweke kwa ajili ya ukumbi. Raba hizo pia ni pumziko zuri kwa vidole katika wiki za mazoezi mengi.

Usitoke barabarani na viatu vya suedi, hata kwa hatua chache kutoka kwenye teksi. Maji na mafuta ndiyo maadui wake wakubwa, na kinywaji chenye sukari kikimwagika sakafuni huganda kwenye vinyweleo mpaka soli ikawa kama kioo. Hapo brashi ya waya tu ndiyo dawa. Viatu vipya vivae nyumbani nusu saa kwa siku kadhaa, ukizunguka na kupiga hatua za msingi, kabla ya kuvipeleka mbele ya watu. Baada ya dansi vipepee, usivifungie kwenye mfuko wa plastiki vikiwa na jasho.

Kila baada ya majuma machache geuza kisigino utazame kile kipande kidogo cha mpira au plastiki kilichopigiliwa chini. Kikianza kulika upande mmoja, mguu wako unaegemea upande huo na utazidi kuegemea kadiri kinavyolika. Mpelekee fundi abadilishe vyote viwili kwa pamoja, hata kama cha pili bado kinaonekana kizima, na ufanye hivyo kabla ya msumari kutokeza.